Lazima ya Kuondoka: Namna Tunavyosimulia Ugomvi na Mwamuzi

Kuna simulizi moja ambayo kila shabiki wa Kitanzania anaijua kabla haijaanza. Timu imefungwa. Msimuliaji anavuta pumzi, anatikisa kichwa, kisha anasema: refa katumaliza. Baada ya hapo utaambiwa dakika, utaambiwa jina la mchezaji, utaambiwa kwamba kila mwenye macho aliona. Hutaambiwa sheria inasema nini, wala mwamuzi alikuwa amesimama wapi, wala ni swali gani hasa alilotakiwa kulijibu kwa filimbi yake.

Nakusudia kuihakiki simulizi hiyo kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia, kwa sababu ni moja ya tanzu zinazotungwa zaidi nchini, mdomoni, redioni na magazetini, na kwa sababu naona tunaitunga vibaya.

Nianze na mfano wa nyumbani. Tarehe 25 Julai 2021 Kigoma ilipata fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili, muda ukiwa unayoyoma, Taddeo Lwanga wa Simba alifunga kwa kichwa. Ikaisha 1-0. Kadi ile ingali hai vijiweni, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji. Wapo wanaosema ilikuwa halali kama maji ya kunywa, na wapo wanaosema refa aliuua mchezo. Nimekaa katika mabishano hayo zaidi ya mara moja, na kila mara yamekwenda hivi: huyu anasema nimeona, yule anasema hata mimi nimeona, sauti zinapanda, kahawa inapoa.

Lakini Kanuni ya 12 ya mpira wa miguu haiulizi tu kama mtu kaguswa. Inatenganisha uzembe, kutojali hatari na nguvu iliyopita kiasi, na kila ngazi ina adhabu yake. Tena inatenganisha mtu aliyekuwa anagombea mpira na asiyekuwa akiugombea. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuuona mkono uleule, kwenye uso uleule, wakakubaliana juu ya kila kitu machoni, na bado wakawa na kesi ya kujadili. Kesi hiyo haijadiliwi. Tunabishana juu ya jicho, na sharti tunaliacha nje ya mlango.

Ili tofauti hiyo ya jicho na sharti ionekane vizuri, naomba msomaji anifuate kwenye mchezo ambao si wetu. Softiboli ni ndugu wa besiboli. Ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya klabu ya mashua. Hapa Tanzania michezo hii miwili ina chama kimoja, na besiboli imekuzwa kwa msaada wa Wajapani. Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wake. Uganda wametutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya besiboli. Kwetu ziwani mtoto akiokota fimbo na mpira bado hafikirii besi. Hata hivyo, softiboli na besiboli zina sheria moja inayofaa kusomwa na kila anayependa kubishana.

Sheria yenyewe ni hii. Uwanjani kuna besi nne. Katika softiboli ya watu wazima, kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 18 na ushee. Mpigaji akiupiga mpira ukaanguka chini, hana hiari, lazima akimbilie besi ya kwanza. Kama besi ya kwanza tayari ina mwenzake, mwenzake huyo naye hana hiari, maana besi moja haikai watu wawili. Lazima ahame kwenda ya pili. Na kama ya pili ina mtu, naye lazima aende ya tatu. Mkimbiaji aliyelazimika kuhama hivyo, mlinzi hana haja ya kumgusa. Inatosha mlinzi aikanyage besi ambayo mkimbiaji anaiendea, mpira ukiwa mkononi, kabla yeye hajafika. Basi, ametolewa. Lakini mkimbiaji ambaye hakuna anayemsukuma kutoka nyuma ana haki ya kubaki alipo. Akiamua mwenyewe kukimbia, mlinzi hana budi kumgusa mwilini.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu lazima hiyo inaweza kufa katikati ya mbio. Chukua mkimbiaji aliye besi ya kwanza. Mpira unapigwa chini, unaelekea kwa mlinzi wa besi hiyohiyo. Mlinzi anaudaka, anaikanyaga besi yake, mpigaji ametoka. Kisha anautupa mpira besi ya pili. Mwenzake anaupokea na kuikanyaga besi, mkimbiaji akiwa bado hatua mbili nyuma. Jukwaa zima linapiga kelele: ametoka! Hajatoka. Mpigaji alipotolewa, hakukuwa tena na mtu wa kuihitaji besi ya kwanza. Mkimbiaji angeweza kugeuka na kurudi. Lazima yake imekufa, na tangu sekunde ile ni mtu huru anayepaswa kuguswa. Mlinzi angeikanyaga kwanza besi ya pili, mambo yangekuwa mengine kabisa. Miguu na mpira ni vilevile, ila mpangilio umebadilika, na hukumu imebadilika nao.

Angalia sasa ugomvi unaoweza kuzuka. Kuna ugomvi wa jicho: mpira ulifika kabla ya mguu, au mguu kabla ya mpira? Huo hautatuliwi kwa kelele, maana aliyekuwa karibu kuliko wote ni mwamuzi, na hata yeye ana macho mawili tu. Na kuna ugomvi wa sharti: wakati besi inakanyagwa, lazima ilikuwa hai au ilikuwa imekufa? Huu unaweza kutatuliwa na mtu aliyekaa jukwaa la mwisho, au hata aliyesikiliza redioni, mradi ajue nani alitoka kwanza. Wa kwanza unataka ukaribu, wa pili unataka kufikiri. Simulizi nyingi za michezo huuchukua ugomvi wa pili na kuuvisha nguo za wa kwanza, kwa sababu kusema "niliona" hakuna gharama.

Ugomvi maarufu kuliko wote wa sheria hii ulitokea New York tarehe 23 Septemba 1908, katika uwanja wa Polo Grounds, Giants wakicheza na Cubs wa Chicago. Matokeo yalikuwa 1-1, Giants wakiwa na nafasi ya mwisho ya kupiga, watu wawili wameshatolewa. Besi ya tatu alikuwapo McCormick, ya kwanza alikuwapo kijana wa miaka 19 aitwaye Fred Merkle. Bridwell akaupiga mpira vizuri, McCormick akarudi nyumbani na pointi ya ushindi, na mashabiki wakamiminika uwanjani. Merkle, alipoona watu wanaingia, aligeuka kukimbilia chumba cha wachezaji bila kuigusa besi ya pili. Wachezaji wengi wa siku zile walikuwa wakifanya hivyo. Johnny Evers wa Cubs akadai mpira, akasimama juu ya besi ya pili, akamwita mwamuzi Hank O'Day. Lazima ya Merkle ilikuwa hai, kwa kuwa nyuma yake alikuwapo Bridwell, na pointi haihesabiwi ikiwa mtu wa tatu ametolewa kwa lazima. O'Day akamtoa. Mchezo ukahesabiwa sare, ukarudiwa tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4-2 na kuchukua ubingwa wa ligi.

Simulizi iliyobaki mjini ilikuwa ya kijana mpumbavu. Waliambatisha neno la kumwita bongolala kwenye jina lake, akalibeba maisha yake yote. Kisichotajwa sana ni kilichotokea tarehe 4 Septemba mwaka huohuo, siku 19 kabla. Cubs walikuwa wakicheza Pittsburgh, na tukio la namna ileile likatokea. Evers alidai haki ileile, mbele ya mwamuzi yuleyule, O'Day, na akakataliwa. Lakini Evers hakulia kwamba refa kawamaliza. Alieleza sharti. Siku 19 baadaye mwamuzi huyohuyo aliamua kinyume cha desturi na sawa na maandishi.

Kama mhakiki, naiona hapa hadithi mbili zilizotungwa kutokana na tukio moja. Ile ya Merkle inataka mtu wa kulaumiwa. Ikimpata, inaridhika na kulala. Ile ya Evers na O'Day inaonyesha ubishi ukifanya kazi yake: mtu mmoja anapoteza kesi kwa hoja nzuri, na hoja inabaki kichwani mwa aliyemhukumu hadi siku inapohitajika tena. Ya pili ndiyo yenye faida kwa anayecheza kesho, lakini ya kwanza ndiyo iliyosafiri dunia nzima.

Nirudi ziwani, maana hatuhitaji Polo Grounds ili kuielewa tofauti hii. Watoto wa Ujiji wanaijua kwa miguu yao. Katika kombolela, mtafutaji hulinda kopo. Akimwona aliyejificha, wote wawili hulikimbilia. Mtafutaji akiwahi na kutaja jina, umekamatwa; ukiwahi wewe na kulipiga teke, umewakomboa wenzako wote. Ni mashindano ya nani alifika kwanza, na hakuna mwenye filimbi. Katika rede mpira wa matambara hurushwa na wawili kutoka pande mbili, na aliye katikati hukwepa. Mpira wa matambara hauachi alama. "Umekugusa!" "Haujanigusa mimi, umegusa gauni!" Sikiliza vizuri jibu hilo la pili. Msichana huyo hakatai walichokiona wenzake. Anahamisha ugomvi kutoka kwenye jicho kwenda kwenye sharti: je, gauni ni mimi? Mtaa mmoja utasema ndiyo, mwingine hapana, na wa tatu utamwambia afunge gauni kiunoni ndipo waendelee. Hapo sheria inatungwa, inabishaniwa na kurekebishwa, yote kabla ya adhana ya magharibi.

Sitaki kuupamba utoto. Mabishano ya watoto mara nyingi huamuliwa na mwenye mpira, au mwenye dada mkubwa, au mwenye mkono mzito. Ndiyo maana watu walibuni mwamuzi: mtu asiye na dada uwanjani. Lakini tulipomleta tulisahau kuchukua kitu ambacho watoto walikuwa nacho, yaani lazima ya kueleza. Anayebisha kwenye rede asipotoa sababu, mchezo haurudi. Anayebisha jukwaani hadaiwi sababu yoyote. Kiingilio alicholipa kinamtosha.

Wazee wa bao nao wana la kutufunza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lina lazima yake: mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuacha kula. Chini ya miembe ya Ujiji utamsikia mtazamaji akiguta, "Unakula pale!" na mchezaji akirudisha mkono. Hakuna anayekasirika sana, kwa kuwa ugomvi wa bao karibu wote ni wa sharti. Kete zimelala mbele ya watu, zinahesabika. Ukibisha, hesabu. Katika mchezo wa mbio ushahidi hupotea mara tu mguu unapoinuka, na ndipo watu hujaza pengo kwa mapenzi yao. Walioandika sheria za softiboli walilijua hilo, na mahali pengine hawakuhubiri, walibadilisha kifaa. Siku hizi katika mashindano mengi besi ya kwanza ni pacha, nusu nyeupe ya mlinzi na nusu ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji. Iliwekwa ili watu wasigongane, lakini imempunguzia mwamuzi mzigo pia, kwa sababu miguu miwili haigombei tena sehemu moja.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, lazima, kwa sababu Kigoma neno hilo halikai kimichezo tu. Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakafikia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kiliingia, watu wakafa ufukweni. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa, na meli iliyowabeba, mamia kwa safari, ilikuwa MV Liemba, chuma cha Kijerumani cha mwaka 1913. Waliposhuka Kigoma walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, wakangoja hapo mabasi ya kuwapeleka kambi ya Nyarugusu. Ndiyo, uwanja uleule. Miaka sita baadaye tulikaa kwenye majukwaa hayo tukibishana juu ya kadi.

Mwandishi wa makala bunifu akipewa mambo mawili hayo, mkono unamwasha. Hapa mtu aliyelazimika kuondoka besi, pale mtu aliyelazimika kuondoka nchi. Uwanja mmoja, neno moja. Sitiari imejipika yenyewe. Nimesoma makala za namna hiyo kutoka sehemu nyingi za dunia, ambamo mchezo hutumiwa kama chupa ya kumiminia machozi ya watu wengine. Naona ni vizuri kuikataa sitiari hii, na sababu ya kuikataa imo ndani ya sheria yenyewe. Mkimbiaji wa softiboli analazimika kuhama kwa sababu nyuma yake anakuja mwenzake wa timu moja, anayehitaji nafasi. Mbele yake kuna besi nyingine inayojulikana, yenye umbali uliopimwa. Na lazima yake ikifa, anaruhusiwa kurudi alikotoka. Aliyeshuka Liemba mwaka ule hakuwa na hata kimoja cha hivyo vitatu. Kuziita lazima hizo mbili kwa jina moja ni kuifanya ya pili ionekane ina utaratibu.

Hata hivyo, kukaa na maneno hayo mawili kunatufunza kuuliza. Mtu anapoambiwa lazima uondoke, swali la kwanza la haki ni lilelile la uwanjani: lazima hiyo imetoka wapi, na bado iko hai? Mkimbizi anayeambiwa kwamba kwao sasa ni salama, arudi, anaambiwa kwamba sharti limebadilika. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ila hilo si jambo la kuamuliwa kwa sauti kubwa, na anayetangaza hukumu anadaiwa maelezo. Kama hatujazoea kudai maelezo kwenye jambo dogo la mpira, sijui tutaujifunzia wapi ustadi huo kwa ajili ya makubwa.

Ndiyo maana sikubali kwamba habari za michezo ni porojo za kupitisha jioni. Ndipo vijana wengi wanapojifunza namna ya kulalamika. Wakijifunza kwamba kulalamika ni kutaja adui, wataingia nayo kwenye baraza la kata, kwenye mgogoro wa kiwanja, kwenye mirathi. Wakijifunza kwamba kulalamika ni kuonyesha sharti lililovunjwa, wataingia nayo hiyo. Na kuna mtu mwingine anayelipia uzembe wetu: mwamuzi wa mashindano ya kata au ya shule, mara nyingi mwalimu au binti aliyemaliza juzi, mwenye filimbi na nauli ya bodaboda, asiye na polisi wa kumsindikiza. Simulizi ya "katumaliza" ikimwendea huyo, haiishii kwenye maneno.

Haimaanishi kwamba mwamuzi hakosei. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, mpigishaji Armando Galarraga alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kukamilisha mchezo usio na dosari, jambo adimu kabisa katika besiboli. Mwamuzi Jim Joyce akasema mkimbiaji amewahi besi ya kwanza. Picha zikaonyesha hakuwahi. Huo ulikuwa ugomvi wa jicho mtupu. Sharti halikuwa na utata wowote. Joyce alipoiona picha alikiri hadharani, na kesho yake Galarraga mwenyewe ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mchezo kuanza. Simulizi hiyo ilipata waandishi wema kwa sababu hakuna aliyehitaji kuficha chochote: alichokiona mwamuzi kilijulikana, alichokosa kilijulikana, na swali lilikuwa moja.

Kwa hiyo kwa anayetaka kuandika ugomvi unaofuata, uwe wa Lake Tanganyika au wa uwanja wa vumbi nyuma ya shule, ningependekeza kazi ndogo kabla ya sentensi ya kwanza. Tafuta sheria iliyotumika, uiandike kwa Kiswahili ambacho shangazi yako ataelewa. Sema mwamuzi alisimama wapi na nani alimziba. Sema pande zote mbili zinakubaliana juu ya nini, kwa sababu mara nyingi zinakubaliana kuliko zinavyodhani. Kisha tenga: hiki ni cha jicho, hiki ni cha sharti. Cha jicho kikibaki na giza, kiache na giza lake. Cha sharti kibishaniwe hadi mwisho, kwa jina la anayeleta hoja na hoja yake kamili, hata kama alishindwa kesi siku hiyo. Evers naye alishindwa Pittsburgh, na kama alinyamaza njiani kurudi, sheria ingebaki kwenye karatasi tu.